Kukaa Mkavu Siku ya Koito

Mpira wa mkojo ulitolewa Jumanne asubuhi, na kabla sijafika kwenye lango la hospitali nilikuwa nimelowa hadi kwenye soksi. Kwa wiki mbili nilikuwa nimeuchukia mpira ule na mfuko wake uliofungwa kwenye paja, na sasa nilitamani waurudishe. Nilisimama kando ya ukuta nikijifanya nasoma simu. Mke wangu alitoa leso mabegani mwake, akanifunga kiunoni, tukaenda hivyo hadi kwenye gari. Nina miaka sitini na sita, na sijawahi kujiona mzee kama nilivyojiona siku hiyo.

Habari yenyewe ilikuwa njema. Tezi dume ilikuwa imetolewa na kansa imetoka nayo, na watu wa kanisani wangejua wangepiga vigelegele. Lakini mimi nilishika neno ambalo daktari alilitupa mwishoni huku akiandika, kwamba mkojo utavuja kwa muda. Nilimwuliza muda gani. Akasema wiki, au miezi, inategemea mtu. Nikamwuliza miezi mingapi. Akasema inategemea mtu.

Mimi nilikuwa na tarehe. Binti yetu wa mwisho alikuwa amepata mchumba, na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekubaliana kwamba koito, yaani siku ambayo ukoo wa kijana unakuja kuzungumza mahari, itakuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, nyumbani kwetu Kimumu. Mpira ulitolewa mwishoni mwa mwezi wa pili.

Katika ukoo wetu, siku hiyo baba wa msichana hana maneno mengi. Wanaozungumza ni ndugu zake na wazee. Kazi yake ni kukaa. Anawekwa mahali pa kuonekana, na maadamu amekaa, mazungumzo yanaendelea. Akiinuka kabla hayajaisha, maana yake ni moja tu, amekataa yaliyosemwa. Nikiwa kijana nilimwona baba mmoja kule Sugoi akiinuka, akaenda kusimama kwenye zizi la ng'ombe, na wageni wakarudi kwao bila kula. Mazungumzo yenyewe huchukua saa nne, hata tano. Wakati huo mimi sikuweza kukaa dakika ishirini bila kuvuja.

Ndugu zangu niliwaambia nimefanyiwa upasuaji wa henia. Henia ni ugonjwa wa heshima, mtu huupata kwa kuinua vitu vizito, na mimi ni fundi wa matrekta na mashine za kuvuna ngano. Walikubali bila maswali. Kaka yangu mkubwa, anayelima huko huko Sugoi, aliniambia nijikaze kisabuni nitapona, akaniletea gunia la viazi.

Daipa za watu wazima nilizinunua mjini kwa mama mmoja Msomali mwenye duka la jumla. Siku ya kwanza aliniuliza saizi, nami nikababaika, nikasema ni za mama yangu. Mama yangu alikufa miaka tisa iliyopita. Basi kila wiki yule mama akawa ananiuliza, "Mama anaendelea aje leo?" nami najibu anaendelea vizuri kidogo. Wiki ya nne alitia pakiti ya juisi kwenye mfuko wangu, akasema, "Hii umpatie, na umwambie tunamuombea." Nilitoka dukani nikiona aibu hadi masikioni. Juisi sikuinywa, maana nilikuwa nimeacha kunywa karibu kila kitu.

Mazoezi ya kuzuia mkojo nilikuwa nimefundishwa siku ile ile mpira ulipotolewa. Fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alikuwa binti wa rika la mwanangu, mtu wa upande wa Nyeri, na mezani pake palikuwa na mfano wa mifupa ya nyonga wa plastiki. Aliueleza mfano ule kwa kalamu, misuli iko hapa chini, imeshika kibofu kama kitanda cha kamba, na sasa kwa sababu tezi imeondoka misuli hii itabeba kazi yote.

"Mzee, kaza ile misuli unatumia kuzuia mkojo, na ile ya kuzuia hewa ukiwa na watu," akasema. "Hesabu mpaka tano, halafu uachilie. Mara kumi asubuhi, mara kumi lunch time, mara kumi jioni. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Uko na swali?"

"Sina."

Nilikuwa na maswali kumi. Lakini alikuwa mtoto kwangu, na mambo yenyewe yalikuwa ya chini ya mshipi, na nilitaka nitoke mle chumbani.

Mambo ya jandoni hayasimuliwi, nami sitayasimulia. Lakini kuna jambo moja ambalo kila mtu Eldoret analijua, kwamba kijana wa kwetu hatakiwi hata kupepesa jicho. Hapo ndipo nilipofundishwa kukaza, nikiwa na miaka kumi na mitano, na sikupata kufundishwa namna nyingine. Unakaza taya, unakaza shingo, tumbo linakuwa ubao, mapaja, vidole vya miguu, pumzi inasimama. Nimekaza hivyo maisha yangu yote, gari likinikwama kwenye matope, daktari akinidunga sindano, tulipomzika mama. Kwa hiyo binti aliposema kaza, mwili wangu haukuuliza kaza nini. Ulikaza wote.

Neno la pili, lile la kuachilia, nililisikia ila sikulitilia maanani. Mtu anayevuja aachilie nini? Na kwa kuwa nilikuwa na haraka, badala ya mara thelathini kwa siku nilifanya mia tatu. Nilikaza chini ya trekta. Nilikaza kanisani wakati wa matangazo. Nilikaza kwenye foleni ya benki hadi mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Hali ikazidi kuwa mbaya. Badala ya daipa tatu kwa siku nikafika tano. Asubuhi nilikuwa na nafuu kidogo, lakini ikifika saa tisa mchana kila hatua ilikuwa na tone lake, na nikiinua spana kubwa ndiyo basi. Nilianza kuvaa suruali nyeusi tu. Nilibeba koti mkononi hata jua likiwaka, ili niwe na kitu cha kuweka mbele. Nilijua kila choo cha mji, kipi kina ndoano nyuma ya mlango, kipi kina pipa la kutupia. Nilipunguza chai ikawa kikombe kimoja cha asubuhi, kisha hata hicho nikakiacha. Mkojo ukawa mweusi na wa kuchoma, na haja ikawa inanijia mara mbili ya zamani. Kila baada ya saa moja nilimwuliza mke wangu kama nanuka. Alisema hapana. Sikumwamini, maana mke ni wa kukusitiri, na mimi nilitaka mtu wa kuniambia ukweli huku nikiogopa kwamba atauambia.

Nilikuwa nimeambiwa nina kansa, nikalala usingizi. Sasa nilikuwa nimepona, na usingizi ulikuwa umekwisha. Nilijiona kila siku katika sebule ile ile, wazee wamekaa, mimi katikati, na doa likienea kwenye kochi. Nilimwona binti yangu akiliona. Wakwe wanakuja nyumbani kwetu mara ya kwanza, na hadithi watakayorudi nayo kwao Plateau ni ya baba mkwe aliyejikojolea. Mambo mengine ya ugonjwa wangu niliyaweza. Hilo lilinishinda hata kulifikiria hadi mwisho.

Asubuhi moja mke wangu aliingia jikoni akanikuta kwenye stuli, nimeshika magoti, mishipa imenisimama shingoni.

"Baba, kwani unafanya nini?"

Sikujibu mpaka nimalize kuhesabu. "Mazoezi."

"Hiyo ni mazoezi gani? Umekaa ni kama unataka kupigana na mtu." Akaniangalia zaidi. "Na unapumua kweli?"

Nikafikiri. Nikagundua kwamba sipumui. Wiki tano, mara mia tatu kwa siku, nilikuwa sijapumua hata mara moja. Alichukua simu yangu mezani akampigia fizio mwenyewe, wala hakuniomba ruhusa.

Huko hospitalini, binti wa Nyeri alinilaza kitandani, magoti juu, akaniwekea kiganja tumboni. "Kaza, halafu uniambie nyumbani kwenu ni wapi."

Nikakaza. Sikuweza kutamka hata Kimumu.

"Mzee," akasema polepole, "umekaza kila kitu isipokuwa ile nilikuambia. Tumbo ikikuwa ngumu hivi, unasukuma mkojo ukuje chini. Unajisukuma mwenyewe."

Nimetengeneza pampu kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilielewa mara moja, na kwa sababu nilielewa, nilitaka kulia, na nikalia kidogo huku nikitazama dari. Wiki tano nilikuwa nimefanya kazi kwa bidii ya kujiharibu. Nilimweleza habari ya kukaza kwetu, si yote, kiasi cha kumfanya aelewe. Hakucheka. Alisema wazee wengi wa hapa hufanya hivyo hivyo, na kosa ni lake kwa kutouliza, angefaa kuniona nikifanya kabla ya kuniachia niende.

"Imebaki wiki tisa," nikamwambia. "Itatosha?"

"Siwezi kukudanganya mzee. Inategemea na mtu."

Tukaanza upya. Uso ulegee, taya lilegee, pumua kama kawaida. Kisha pale chini tu, vuta ndani na juu, kidogo, kama unakatisha mkojo katikati. Alinieleza, bila kupepesa jicho, kwamba nikifanya sawasawa nitaona vitu vyangu vinainuka kidogo, na mtu aliyekaa karibu nami hatajua lolote. Kisha kuachilia, kabisa, kwa hesabu ile ile, kwa sababu msuli usiopumzika huchoka, na uliochoka haushiki. Kabla ya kuinuka kwenye kiti, kaza kwanza. Kabla ya kukohoa, kaza kwanza. Na maji ninywe, glasi sita au saba kwa siku, kidogo kidogo.

Kukaza kwa aina hiyo nilikujua baada ya siku tatu. Kuachilia ndiko kulikonisumbua. Nililala chali chumbani, nikaambiwa achilia, na kila kitu ndani yangu kikasema ukiachilia umekwisha. Mke wangu alikaa kitandani na simu, akihesabu. "Bado umeshika," angesema. "Achilia mpaka kwa mabega." Alikuwa anaona mabegani kile ambacho mimi sikukiona kokote. Siku nilipoachilia kweli kweli, na shuka likabaki kavu, nilibaki nimelala pale hadi chai ikapoa.

Usiku wa kwanza mkavu ulikuja wiki ya tatu. Daipa tano zikawa nne, zikawa tatu, kisha zikaganda kwenye mbili. Wiki moja kabla ya koito nilikuwa naweza kukaa saa nzima, nikiinuka kwa mpango naweza kuinuka mkavu, lakini nikichekeshwa ghafla sikuwa na dawa. Fizio alisema kicheko ndicho hukawia kuliko vyote. Nilichukua simu mara mbili nimwambie kaka yangu tuahirishe. Mara ya kwanza aliniambia fahali wa kuchinja ameshapatikana. Mara ya pili nilimsikia akipumua upande wa pili, akingoja, nikamwuliza habari ya mvua.

Jumamosi hiyo nilivaa suti nyeusi na daipa mbili, moja juu ya nyingine. Nilikuwa nimechagua kiti cha pembeni, karibu na mlango wa korido. Kaka yangu alinishika mkono akanihamishia kochi la katikati, akasema, "Hapa ndio pako." Wageni waliingia saa nne kasorobo, wazee kumi na mmoja na akina mama, wakaketi ukutani kote. Mlango wa korido, ya kwenda chooni, ulikuwa nyuma ya kiti cha baba wa kijana, mzee mrefu mkimya mwenye fimbo. Kuufikia ungepaswa kupita mbele ya magoti ya kila mtu.

Mchungaji wetu aliongoza maombi, nikasimama kwa mpango, nikakaa kwa mpango. Mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa, ililetwa, kibuyu kikazunguka, na kukataa hakuwezekani. Chai ikafuata. Binti yangu aliitwa, akaulizwa kama anawajua watu hawa, akasema anawajua, akatoka. Saa ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Sikusikia nusu ya yaliyosemwa. Nilikuwa nakaza na kuachilia, nakaza na kuachilia, uso umelegea, nikitabasamu ovyo, na mke wangu aliyesimama mlangoni pa jikoni alikuwa ananitazama mabega.

Walifika kwenye mitamba. Msemaji wao alitaja idadi, akasema hiyo ndiyo nguvu yao yote. Kaka yangu alisimama, akashika kiuno, akasema, "Hawa mnataja, ni wale mliona mkikuja ama ni wale mnaota?" Si maneno ya kuchekesha sana. Ni ule uso wake. Sebule nzima iliangua kicheko, na mimi, baada ya wiki kumi na nne za kuogopa kucheka, nikacheka kabla sijajua.

Nilihisi joto. Daipa ya kwanza, kisha ya pili, kisha upande wa paja. Msemaji wao bado alikuwa amesimama na idadi yake mdomoni, akingoja jibu. Nilichukua koti, nikaliweka mbele, nikainuka, nikapita mbele ya magoti yao yote hadi korido, nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Kicheko kilikatika kana kwamba mtu amezima redio. Nilikuwa navua suruali, na kwa mara ya kwanza nikakumbuka nilichokifanya. Nilikuwa nimefikiria doa kwa miezi mitatu hata nikasahau maana ya kuinuka.

Mke wangu aliingia. "Wameongeza mtamba mmoja," akanong'ona. "Wanasema baba amekasirika. Ndugu yako hawaambii kitu, amekaa tu ameangalia chini." Nyuma yake aliingia binti yangu, macho mekundu. "Baba, kwani umewakataa? Si ungeniambia mapema?"

Nasema kweli, nilishawishika. Baba aliyekasirika ana heshima yake. Ningerudi nimenuna, nipokee ule mtamba, wangeniogopa hadi nife, na hakuna ambaye angejua. Lakini binti yangu alikuwa amesimama pale mlangoni, akinitazama kama mtu anayeanza kunichukia, na ndoa yake ilikuwa inaanza kwa watu kuogopa hasira ambayo haikuwepo. Nikavaa suruali nyingine. Ilikuwa ya khaki, ndiyo iliyokuwa karibu.

Nilirudi sebuleni. Sikukaa. Kwa mazoea nilijikuta nimekaza taya na tumbo na kila kitu, hadi sauti haikutoka. Ilibidi nipumue kwanza.

"Sikukasirika," nikasema. "Idadi yenu sijaikataa. Mwezi wa pili nilifanyiwa upasuaji. Ndugu zangu niliwaambia ni henia, niliwadanganya. Ilikuwa tezi dume, ilikuwa na kansa, ikatolewa. Tangu siku hiyo mkojo unanitoka, na nikicheka unanitoka zaidi. Kaka yangu amenichekesha. Nilienda kubadilisha nguo. Huo mtamba mmeongeza ni wenu, mrudi naye."

Kaka yangu aliinua kichwa, akanitazama kwa muda mrefu. Nilikaa kwenye kochi, bila mpango, na sikujua hata kama nimekaa mkavu.

Baba wa kijana aliegemea fimbo yake.

"Mkwe," akasema, "choo kiko wapi?"

Nikamwonyesha mlango nyuma yake. Akainuka kwa shida. Kabla hajaufungua, mzee mwingine upande wao alikuwa ameinuka, kisha wawili wa upande wetu, kisha kaka yangu, kisha mchungaji, kisha wanaume wengine wote. Walipanga foleni kwenye korido, wameshika kofia zao, na sebuleni nikabaki mimi na akina mama.